Grupu Nyumbani: Umeme Usirudi Barabarani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Watu husema ajali haina kinga. Katika ukurasa huu tumezoea kuukataa msemo huo, na leo tunaukataa tena. Ajali tunayoieleza leo ina kinga, na kinga yenyewe ni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya tablo ya umeme nyumbani. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi haimpigi yule aliyekosea. Inampiga mtu mwingine, mbali na nyumba ile, ambaye hakujua lolote.

Somo hili limetoka kwenye swali. Mfanyakazi mmoja aliye na nyumba Makobola alikuja dispanseri kufungwa kidole. Nilipomaliza akaniuliza:

"Dokta, nimenunua grupu. Fundi wa mtaani ameniambia nisipoteze pesa. Nitengeneze ralonji yenye fishi dume pande zote mbili. Upande mmoja niuchomeke kwenye grupu, upande wa pili kwenye prizi ya sebuleni, na nyumba nzima itawaka. Ni kweli?"

Nikamjibu: "Ndiyo, ndugu yangu, itawaka. Lakini keti kwanza, nikueleze ni nini kingine kitakachowaka."

Mimi ni mtu wa dawa, si fundi wa umeme. Kwa hiyo mambo ya waya niliwauliza mafundi wa umeme wa kampuni, nao wakanieleza kwa subira. Mambo ya mwili nayajua mwenyewe. Tuyaunganishe yote mawili.

UMEME HAUJUI MPAKA WA NYUMBA YAKO

Umeme wa SNEL unaofika Uvira umetoka kwenye maji ya mto Ruzizi. Kituo cha Ruzizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II kilianza kazi mwaka 1989 kwa faida ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Umeme ule unasafiri kwa nguvu kubwa sana, volti maelfu kwa maelfu. Ukifika mtaani unapita katika transfoma ya kabini, na transfoma inaushusha hadi volti 220 tunazotumia nyumbani.

Sasa shika neno hili, maana somo lote limesimama juu yake: transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Inayoshusha umeme ukitoka juu, hiyohiyo inaupandisha ukitoka chini. Chukua transfoma inayoshusha kutoka volti 15,000. Ukiisukumia volti 220 kwa upande wa nyumba, upande wa pili unaweza kutoa tena volti maelfu.

Umeme wa SNEL unapokatika, nyumba yako haijatengana na barabara. Waya ni zilezile, zimeunganika kama bomba la maji lisilo na kifungio. Ukiingiza umeme wa grupu kwenye prizi ya sebuleni, unajaza chumba cha watoto na jiko, kisha unatoka nje kwa mlango wa mita, unapanda nguzo, unakwenda kwa jirani, unafika kabini. Huko ndiko kurudi kwa umeme. Makosa hayo hayahusu SNEL peke yake. Kama umeunganishwa na laini ya kambi, au na laini ya jirani anayeuza umeme wa grupu lake, hatari ni ileile. Na kama unatumia konvertiseri ya sola na betri badala ya grupu, hatari ni ileile pia.

Wengine hujibu: "Grupu langu ni dogo. Likikutana na nyumba za mtaa mzima litazidiwa na kuzimika." Mara nyingine ni kweli. Lakini fikiri: umeme wetu hukatika hasa wakati gani? Wakati wa mvua na upepo wa ziwani, mti unapoangukia waya. Waya ikikatika karibu na kwako, mtaa mzima hauko tena upande wako. Kimebaki kipande kifupi cha waya, kimelala kwenye matope, na hakuna kitu cha kulichosha grupu lako. Litakilisha kipande kile usiku kucha.

NANI ATAKAYESHIKA WAYA ILE?

Tuchukue mfano. Ni usiku wa mwezi wa nne, mvua imepiga Makobola kutoka milimani hadi ziwani. Nguzo imeinama, waya imeanguka kando ya njia. Baba fulani amewasha grupu ili watoto wasome na mpira uonekane. Asubuhi mapema, mama mmoja anapita na beseni la ndagala kichwani. Anaona waya. Anajua tangu jana jioni umeme hakuna, mtaa wote umesema hivyo. Anaivuka bila woga, na miguu yake imelowa.

Au ni fundi wa laini. Amekata umeme upande wa kabini, ameweka ngazi, amepanda. Kwa hesabu yake waya imekufa. Hajui kwamba nyumba ya tano kuna grupu linalosukuma umeme kwa nyuma.

Katika mifano yote miwili, baba mwenye grupu hakusikia kitu. Taa yake haikupepesa hata mara moja.

Tarehe 2 Februari 2022, katika soko la Matadi-Kibala mjini Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulianguka sokoni siku ya mvua, ukagusa maji. Watu 26 walikufa, wengi wao akina mama waliokwenda kuuza na kununua. Ajali ile haikutokana na grupu la nyumbani. Lakini inatuonyesha jinsi waya iliyoanguka inavyoua pale inapokutana na maji na watu. Tusiwe sisi wa kutia uhai katika waya ambayo kila mtu anaamini imekufa.

MWILI UNAVYOPATWA

Umeme unaopita mwilini hupimwa kwa miliampea. Miliampea 1 unaisikia kama mdudu anatambaa. Kwenye 10 hivi, misuli ya mkono inajikaza na mtu anashindwa kuiachia waya hata akitaka. Ndiyo sababu tunasema "umeme umemshika". Kwenye 30 kifua kinaanza kukazwa na pumzi inakuwa shida. Ukipita 50, moyo unaweza kuacha kupiga kwa utaratibu na kubaki unatetemeka tu bila kusukuma damu.

Sasa piga hesabu ya mtu aliyelowa. Volti 220 zikipita katika mwili uliolowa zinaweza kuleta miliampea 200 na zaidi. Ni mara kadhaa ya kiasi kinachotosha kuua. Na hizo ni volti za nyumbani tu. Zile zilizopandishwa na transfoma zinaunguza nyama kwa ndani, na ngozi ya juu inaweza kuonyesha kidonda kidogo tu mahali ulipoingia na mahali ulipotokea.

KUFULI LA MGODINI, KUFULI LA NYUMBANI

Wewe unayefanya kazi mgodini unaijua sheria hii. Fundi haingizi mkono katika mashine kwa sababu mwenzake amesema "nimeshazima". Anazima swichi, anatia kufuli lake mwenyewe, anatundika kibao chenye jina lake, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Kisha anapima kama umeme kweli haupo. Kwa nini? Kwa sababu mtu husahau, na kufuli halisahau.

Nyumbani sheria ni hiyohiyo. Wako watu wanaosema: "Mimi huzima kwanza disjonkteri kubwa, halafu nawasha grupu." Vizuri. Lakini siku uko kazini zamu ya usiku, ni nani anayewasha? Ni mtoto wa miaka kumi na tano, gizani, na mdogo wake analia. Usalama unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja ni usalama wa siku moja.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu: disjonkteri ya SNEL na disjonkteri ya grupu zisiweze kabisa kufungwa pamoja. Si "zisifungwe". Zisiweze.

DISJONKTERI YA GRUPU INAWEKWA WAPI?

Mafundi walinionyesha njia mbili.

Njia ya kwanza ni inverseri, yaani swichi kubwa yenye nafasi tatu: 1, 0 na 2. Nafasi ya 1 ni SNEL, 0 ni hakuna, 2 ni grupu. Mahali pake ni baada ya mita na disjonkteri kubwa, kabla ya disjonkteri ndogo zinazogawa umeme vyumbani. Waya za SNEL zinaingia upande mmoja, waya za grupu upande wa pili, na katikati zinatoka waya za nyumba. Mkono wa swichi ni mmoja, hivyo hauwezi kukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Inverseri nzuri inakata fazi na nyutro pamoja. Inayokata fazi peke yake haitoshi, maana nyutro nayo inaweza kuupeleka umeme nje. Hii ndiyo njia inayofaa zaidi kwa tablo za nyumba zetu.

Njia ya pili inatumika sana Marekani. Ndani ya tablo wanaweka disjonkteri ya grupu karibu kabisa na disjonkteri kubwa, na juu ya zote mbili wanafunga kibamba cha chuma kinachoteleza. Ili uinue ya grupu, lazima kwanza ushushe ile kubwa, la sivyo kibamba kinakuzuia. Disjonkteri hiyo inapokea umeme kwa upande ambao kwa kawaida hutoa, na kwa hiyo huitwa ya kulisha kwa nyuma. Inabidi ikazwe kwa skrubu isichomoke, kwa sababu ikichomoka wakati grupu linanguruma, meno yake yana umeme. Kibamba lazima kiwe cha tablo ileile. Kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi na kamba ya mpira si kufuli.

Kwa njia zote mbili, grupu haliunganishwi kupitia prizi ya kawaida. Ukutani, upande wa nje, fundi anafunga fishi dume ndani ya kisanduku chenye kifuniko. Ralonji inayotoka kwenye grupu ina mdomo wa kike upande wa nyumba. Hivyo meno ya chuma yaliyo wazi hayawi na umeme kamwe mkononi mwa mtu. Ile ralonji ya fishi dume pande zote mbili ni ya kukata vipande leo hii. Ikichomoka kwenye prizi wakati grupu linafanya kazi, mtoto anaokota kifo kwa vidole vyake.

UKUBWA WA WAYA

Gawa nguvu ya grupu kwa 220. Grupu la wati 2,000 linatoa ampea 9 hivi. La wati 5,000 linatoa ampea karibu 23. Kwa la kwanza, disjonkteri ya ampea 16 na waya wa shaba wa milimita mraba 2.5 vinatosha. Kwa la pili, weka disjonkteri ya 25 na waya wa milimita mraba 4, au 6 kama umbali ni mrefu. Disjonkteri isiwe kubwa kuliko waya inayoweza kubeba, maana hapo waya itaungua kabla disjonkteri haijaanguka.

Umwambie pia fundi akague piketi ya ardhini. Kama una disjonkteri ya diferansieli ya miliampea 30, ile inayookoa mtu aliyeshika waya, usidhani inafanya kazi na grupu kama inavyofanya na SNEL. Grupu nyingi ndogo nyutro yake haijaunganishwa na ardhi, na hapo diferansieli inaweza kubaki kimya. Fundi aipime grupu likiwa linafanya kazi.

Kazi hii si ya kujifunza kwa kujaribu. Lipa fundi aliyesoma umeme, na SNEL wajulishwe kabla ya kugusa karibu na mita. Waya zinazoingia kutoka nguzoni zinabaki na umeme hata ukizima disjonkteri yako. Kazi ikiisha, mwambie fundi awashe grupu mbele yako, kisha apime upande wa SNEL. Pima isionyeshe kitu. Hapo ndipo umlipe salio.

UTARATIBU WA KUWASHA

Andika haya kwenye karatasi na ubandike karibu na tablo:

1. Umeme ukikatika, zima disjonkteri ndogo zote.
2. Peleka inverseri kwenye 0.
3. Washa grupu nje, liache dakika chache litulie.
4. Peleka inverseri kwenye 2.
5. Washa disjonkteri ndogo moja moja, taa kwanza.
6. SNEL wakirudi, zima ndogo zote, rudi 0, zima grupu, kisha nenda 1.

Kuna faida nyingine ya inverseri, nayo ni ya mfuko wako. Kwa ile ralonji mbaya, SNEL wakirudi ghafla umeme wao unakutana na wa grupu uso kwa uso. Grupu linaungua, na mara nyingine nyumba pamoja nalo.

MOSHI NAO UNAUA

Grupu lisikae ndani, wala kwenye baraza, wala chini ya dirisha. Liwe nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumba, moshi ukielekea mbali na milango. Katika moshi ule mna gesi isiyo na harufu wala rangi. Inakamata mahali pa hewa safi katika damu, na mtu analala asiamke. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja wakati grupu linawaka, usiseme ni malaria. Watoe nje wote upesi, zima grupu, kisha uwalete dispanseri.

Usitie esansi grupu likiwa moto. Lizime, lipoe, ndipo utie.

UKIMKUTA MTU AMESHIKWA NA UMEME

Kwanza, usimguse. Wengi wamekufa wa pili kwa kumvuta wa kwanza. Zima grupu na disjonkteri kubwa. Usipoweza, na kama ni umeme wa ndani ya nyumba, simama mahali pakavu na umsukume mbali na waya kwa mti mkavu au kiti cha plastiki.

Kama ni waya ya barabarani, usikaribie hata kwa mti. Kaa mita 10 au zaidi, zuia watu na watoto, ita SNEL. Kama tayari uko karibu, ondoka kwa hatua fupi fupi sana, miguu ikiwa pamoja, maana ardhi yenyewe ina umeme.

Akiisha kutengwa na umeme, mwite, mtikise bega, tazama kama anapumua. Asipopumua, tuma mtu atafute gari, nawe uanze mara moja. Mlaze chali mahali pagumu. Weka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, upesi kama mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukifika 30, mpe pumzi 2 kinywani, kisha endelea. Usichoke haraka, badilishaneni. Usimmwagie maji, usimfukie mchangani, usimpe maziwa.

Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Kidonda cha moto kipoeze kwa maji safi ya baridi dakika 20, mbali na umeme, bila mafuta ya mawese wala dawa ya meno. Na hata akisimama akicheka, mlete. Moyo uliopigwa na umeme unaweza kusumbua baada ya masaa, na tunataka kuusikiliza.

MASWALI YA KUJIPIMA NYUMBANI

1. Kwa nini waya iliyoanguka haiaminiki hata kama mtaa wote hauna umeme?
2. Transfoma inafanya nini umeme ukiingia kwa upande wa nyumba?
3. Kwa nini haitoshi kusema "mimi hukumbuka kuzima"?
4. Inverseri inakata waya ngapi?
5. Baba yuko kazini na umeme umekatika. Ni nani nyumbani anayejua hatua zote sita?

Swali la tano lijibiwe na familia nzima, si baba peke yake.

Yule ndugu wa Makobola alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza inverseri ni bei gani. Nikamwambia aulize Uvira, maana mimi siuzi. Lakini nikamwambia pia kitu ninachokijua kwa kazi yangu: katika kabati la dispanseri nina dawa ya kidonda, ya homa na ya maumivu. Kwa moyo uliosimamishwa na umeme barabarani, kabla hawajanifikia, sina chupa hata moja. Dawa yake iko kwenye tablo ya nyumba yako, na inafungwa siku grupu linapoingia nyumbani, kabla ya kuwasha taa ya kwanza.

Tukutane katika somo lijalo. Usalama kwanza, kazini na nyumbani.

Msaidizi wa Daktari, Dispanseri ya Kampuni